Mlango wa Ghorofa ya Nne

ELIA: Karibu, msikilizaji. Leo mimi na Dada Rehema tunazungumzia kero za kuishi fleti hapa Dar es Salaam, na hasa namna zinavyoielemea familia ya mwanajeshi aliyekwenda kulinda amani nchi nyingine. Nianze na jengo ninamoishi, huku Sinza, lenye ghorofa nne na lisilo na lifti. Maji yanapokuja kwa msukumo mdogo huishia kwenye tangi la chini, na ili yapande hadi kwenye tangi la juu ya paa ni lazima pampu iwashwe. Pampu hiyo hutumia umeme wa mita moja ya LUKU ambayo wapangaji wote tunaichangia, na ugomvi huanzia hapo, kwa sababu anayekaa chini huteka maji hata kama pampu imelala.

REHEMA: Na wa juu hapati hata tone.

ELIA: Hapati. Mwezi uliopita uniti zilikwisha, nami nikaandika kwenye kundi la wapangaji kwamba ghorofa ya nne haijatoa mchango wake. Sikutaja jina, lakini ghorofa hiyo ina mlango mmoja tu. Kesho yake asubuhi nikamkuta mama wa huko kwenye ngazi, mtoto mgongoni, ameketi kupumzika kando ya dumu la lita 20. Aliniomba radhi kwanza, ndipo akaeleza kwamba mtoto alikuwa amelazwa wiki nzima, na kwamba mumewe yuko Berberati, Jamhuri ya Afrika ya Kati, pamoja na kikosi cha JWTZ kilicho chini ya Umoja wa Mataifa. Tumeishi jengo moja miezi saba, Dada Rehema, na sikuwa nikilijua hilo.

REHEMA: Mimi nimelelewa katika kota za jeshi, Lugalo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, Oktoba 1978, nilikuwa na miaka minane, na baba yangu alikuwa miongoni mwa waliopelekwa mpakani. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba mama hakungoja peke yake, kwani kila nyumba ya mstari wetu ilikuwa na mtu aliyekwenda. Barua ikifika nyumba moja, wanawake wa nyumba nyingine walikuja kusikiliza kama kuna jina la waume zao ndani yake, na mtoto akiugua usiku hapakuwa na haja ya kueleza kwa nini baba hayupo. Leo si kila askari hupata nyumba kambini. Wengi wamepanga uraiani kama wewe na mimi, na mke hungoja katikati ya watu wasiojua kwamba anangoja.

ELIA: Na wanaomdai fedha ya pampu.

REHEMA: Wanaomdai, na wanaompigia kelele. Berberati iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo mume akimaliza kazi saa kumi na mbili jioni, kwetu ni saa mbili usiku, wakati ambao fleti nyingi huwa na muziki, watoto wanakimbizana koridoni na jirani anatoboa ukuta. Nafasi ya kuzungumza huenda ikawa dakika kumi, mtandao ukikubali. Kwako huo ni muziki wa jioni tu, lakini yeye anashindwa kusikia kama sauti ya mumewe ni ya mtu mzima wa afya au ya mtu anayeficha homa.

ELIA: Kwa kweli sikuwahi kufikiria saa ya simu.

REHEMA: Fikiria pia saa ya habari. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani iliyoko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Miaka minne kabla, Julai 2013, wengine saba walikuwa wameuawa Darfur. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao, nasi husimama kwa heshima, jambo ambalo ninalithamini kutoka moyoni. Lakini nilipoisikia ile habari ya Semuliki niliwaza majengo haya yetu: ni jirani gani aliyekuwa akijua mlango wa kugonga usiku ule, ili mke asiisikie redio akiwa peke yake?

ELIA: Nilirudi kwenye kundi nikamwomba radhi mbele ya wote. Tukakubaliana kwamba pampu itawashwa kila siku alfajiri, na kwamba siku umeme ukikatika vijana wa ghorofa ya kwanza watampandishia madumu mawili. Wa ghorofa ya tatu akaahidi kupunguza muziki kuanzia saa mbili. Mimi nikapendekeza pia tumsamehe mchango wa LUKU mpaka mumewe arudi.

REHEMA: Akapokea?

ELIA: Ya madumu na ya muziki aliyapokea, akashukuru sana. Ya LUKU aliikataa, na jioni ileile akatuma mchango wake pamoja na deni lote. Aliniambia kwamba mshahara wa mumewe unaingia kila mwezi, ila hauna mikono ya kubeba dumu wala ya kumshika mtoto akienda dukani.

REHEMA: Jumamosi hii nitakuja Sinza, Kaka Elia. Mwambie nitamshikia mtoto.