Pangani haijai peke yake: mazungumzo ya Tanga mjini kuhusu mafuriko

Assalaam aleikum, na bwana asifiwe kwa wale wenzangu wengine, karibuni. Mi nilikuwa msoma kipimo cha mto Pangani kule Korogwe, zile nguzo zenye namba zilizochomekwa ukingoni, unashuka asubuhi na jioni unaangalia maji yamefika wapi unaandika kwenye daftari, masika unashuka hata usiku na tochi. Ndo kazi iliyonifundisha hili la leo.

Kila masika nasikia watu wanasema si kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, lisizuie mafuriko kwa nini? Wagosi, hebu fuateni mto wenyewe. Bwawa lile la miaka ya 1960 linapokea Kikuletwa na Ruvu, maji ya Meru na Kilimanjaro. Sawa. Lakini Mkomazi unaingia Pangani chini ya bwawa, na Luengera nao unaingia chini zaidi, huku kwetu Korogwe, umeshakusanya mvua ya Usambara. Sasa mvua ikipiga Usambara usiku kucha, hata ukifunga bwawa kule juu kabisa hujaigusa hata tone ya hiyo. Hale na Pangani Falls nazo ni za kuzalisha umeme, hazina nafasi ya kuhifadhi mafuriko.

Na hata hilo bwawa lenyewe, anaetaka umeme na umwagiliaji anataka lijae, anaeogopa mafuriko anataka liwe na nafasi kabla masika hayajaanza. Maji ni yale yale. Ukiyaachia mapema halafu mvua isinyeshe, kiangazi watu watakulaumu, mi simuonei wivu anaefanya uamuzi ule.

Kuna kitu nilikiona mwenyewe sijakisahau. Pangani ilikuwa imejaa, nikasimama pale Luengera inapoingilia, mgomba mzima ukaja unaelea, ukafika ukasimama, halafu taratibu ukaanza kurudi ulikotoka! Yaani mto mkubwa umeziba mdomo wa mto mdogo, maji hayana pa kutokea yanarudi nyuma yanaingia mashambani kwa watu ambao wako mbali na Pangani kabisa. Asubuhi yake kipimo kilikuwa hakionekani, kimezama. Watu wale walijiandaa kwa maji ya kutoka juu, yakawajia kutoka chini.

Mtasema tujenge matuta ya kuzuia maji ukingoni. Tuta linasaidia, silikatai, ila linamsukumia maji jirani. Niliona moja limejengwa ng'ambo moja tu, mwaka uliofuata ng'ambo ya pili wakapoteza mahindi yote, na hakuna aliewaambia kitu kabla. Marekani waliutegemea ukuta wa matuta kwenye Mississippi, mwaka 1927 yakapasuka sehemu nyingi, watu laki kadhaa wakahama makwao, na baada ya sheria ya 1928 ndo wakaanza kuacha milango ya kuyapunguza maji, kama ule wa Bonnet Carré uliokamilika 1931 juu ya New Orleans. Mto unataka pa kupumzika. Sisi tunapo, mabonde na vinamasi kama Kirua, ila kila mwaka tunavikatakata tunalima mpaka ukingoni, na milimani tunalima bila makinga maji, udongo wote unashuka unajaza kitanda cha mto. Mto ule ule, mvua ile ile, lakini kina kimepungua.

Ninachoomba ni vipimo kwenye mito midogo vifanye kazi, na anaesoma Luengera saa nane usiku awe na namba ya simu ya mwenyekiti wa kijiji cha chini, basi. Maji yanatumia saa kadhaa kufika, saa hizo ni za kuhamisha watoto na mbuzi.

Halafu nyie wa Pangani mjini mna la kwenu, bahari. Mafuriko yakifika mdomoni siku ya bamvua, bahari imejaa kuliko kawaida, yanasubiri. Hilo mi nalijua kwa kuambiwa tu, mzee pale nyuma kainua mkono, ni mvuvi wa siku nyingi, mpeni maiki atueleze.