Miezi ya Mpito Ndiyo Inayomwangusha Mkulima wa Mboga wa Mjini

Wakulima wenzangu wa Kiamunyi, Barut na Mwariki, maafisa wa kilimo, na akina mama mboga mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mkulima mdogo wa mboga mjini Nakuru anayetaka kuacha mbolea za viwandani na dawa za kunyunyizia ili ahamie kilimo hai. Msaada anaopewa mara nyingi ni semina. Semina ni njema, na wengi wetu tumenufaika nazo, lakini mkulima huyu hashindwi kwa kukosa ujuzi. Hushindwa katika miezi ya mpito, mavuno yanapopungua na bei ya sokoni isipande hata shilingi moja.

Tuitazame miezi hiyo kwa karibu. Sukuma wiki iliyozoeshwa CAN, ile mbolea ya viwandani yenye kirutubisho cha nitrojeni, hupata nitrojeni hiyo mara tu mbolea inapoyeyuka. Ukiweka mboji badala yake, nitrojeni haipatikani mpaka vijidudu vya udongoni viiozeshe polepole. Na kama mboji haijaiva, bado imejaa mabua na majani makavu, vijidudu hivyo huchukua hata ile nitrojeni kidogo iliyokuwamo ardhini. Majani ya chini hugeuka manjano na kudondoka, na mtu aliyezoea kuchuma kila wiki hulazimika kungoja. Wakati huohuo vidukari hujazana chini ya majani machanga, kwa sababu wadudu rafiki ambao wangewala waliuawa na dawa za misimu iliyopita na bado hawajarudi. Karo ya shule, nayo, haingoji.

Dawa ya tatizo hili huanzia kwenye rundo la mboji. Chomeka kijiti kirefu kwa mshazari mpaka katikati ya rundo, kisha baada ya siku chache ukichomoe na kukishika. Kikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea vizuri. Kikiwa kikavu na chenye ukungu mweupe, rundo linataka maji. Kikinuka uvundo, limelowa kupita kiasi na linahitaji kugeuzwa. Kipimo hiki hakimgharimu mkulima chochote. Kinachomgharimu ni malighafi, kwa kuwa ploti yake ni ndogo na hana ng'ombe, ilhali majani ya kabichi na maganda ya viazi kutoka Soko la Wakulima huchanganywa na plastiki na kuishia kwenye jaa la Gioto. Takataka za mboga zikitengwa palepale sokoni, zikapelekwa mahali ambapo vikundi vya wakulima vinaweza kuzichukua, tutakuwa tumemsaidia mkulima kuliko kwa semina kumi. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kilimo na pia ya kuzoa taka, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja Nairobi.

Nasema pia wazi kwamba ruzuku yetu imeegemea upande mmoja. Tangu mwaka 2023, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya viwandani umeuzwa kwa shilingi 2,500 kupitia mpango wa serikali. Siupingi mpango huo, kwa maana umewasaidia wakulima wa mahindi, lakini anayetengeneza mboji naye anastahili mkono, hasa katika misimu ile miwili ya mwanzo ambayo ni migumu zaidi.

Kuhusu cheti cha kilimo hai, Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu mwaka 2007, pamoja na nembo ya Kilimohai. Ukaguzi wa kampuni ni ghali kwa mwenye robo eka, lakini upo utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe kwa wenyewe katika kikundi, wakitembeleana mashambani na kuweka kumbukumbu. Ninaupenda utaratibu huo, kwa sababu jirani huona mengi ambayo mkaguzi wa siku moja hayaoni. Hata hivyo, mboji na cheti havisafishi maji machafu: anayemwagilia kwa maji yenye majitaka abadilishe kwanza chanzo chake cha maji.

Limebaki suala la ardhi, nalo ndilo zito kuliko yote. Wengi wetu tunalima ploti za watu wengine kwa makubaliano ya mdomo, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayerutubisha udongo kwa miaka kadhaa huku akijua mwenye ploti anaweza kuja kesho na mafundi wa ujenzi. Ninapendekeza mkataba wa ukurasa mmoja, wa miaka mitatu, unaoshuhudiwa na chifu, na kuandikwa humo kwamba ploti ikiuzwa kabla ya muda huo kwisha, mkulima apewe nafasi ya kuvuna kilichomo shambani na kulipwa fidia ya mboji aliyoiweka. Rasimu yake iko hapa mezani, na ninawaomba maafisa wa ardhi waliopo waisome na kuikosoa kabla hatujatawanyika jioni hii.