Doa Kwenye Shingo ya Kaftani

SAUMU: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Saumu, na niko na dada Rehema, fundi cherehani ambaye leo ameingia studioni amekumbatia mfuko utadhani ana mtoto mchanga. Dada, shikamoo.

REHEMA: Marahaba, mdogo wangu. Humu mna kaftani ya marehemu mama. Ni ya hariri, zambarau iliyokolea, na utepe wa zari umeshuka mbele kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Nimekuja nayo kwa sababu ina doa, na jibu la doa hili nadhani unalo wewe.

SAUMU: Hebu nione. Aa, hapa shingoni. Rangi ya kutu.

REHEMA: Halafu sikiliza: niliivaa harusini, nikaivua ikiwa safi. Nilipoifua kwa mkono, kuianika tu, doa hilo. Limetoka wapi?

SAUMU: Siku hiyo ulipaka losheni ya kukinga jua?

REHEMA: Nilipaka, uso na shingo, kama ulivyonielekeza.

SAUMU: Basi nimeshajua. Lakini sitajibu sasa, kwanza tuambie habari za nguo yenyewe. Watu wanaivaa, wanaisifia, asili yake hawaijui.

REHEMA: Neno ni la Kiajemi, khaftan, kisha Waturuki wakalichukua na kulieneza. Na kaftani ya asili haikuwa gauni la kupitisha kichwani. Ilikuwa joho: liko wazi mbele kutoka juu hadi chini, lina mikono mirefu, linafungwa kwa vifungo vidogo au kwa mshipi kiunoni. Na walioivaa kwa fahari kuliko wote walikuwa wanaume.

SAUMU: Masultani.

REHEMA: Masultani wa Uturuki, Waosmani. Ukienda Istanbul, kwenye kasri la Topkapı, utazikuta. Sultani akifa, nguo zake zilifungwa kwenye vitambaa, zikaandikwa ni za nani, zikawekwa hazina. Ndiyo maana hadi leo kuna kaftani za miaka 400 na zaidi ambazo rangi yake bado inakusimamisha. Hariri nyingi ilifumwa mji wa Bursa. Kulikuwa na mahameli yenye nyuzi za dhahabu, waliyoiita çatma, na kulikuwa na seraser, ambayo ni kitambaa cha nyuzi za dhahabu na fedha kabisa.

SAUMU: Si ilikuwa nzito?

REHEMA: Nzito, na ilikusudiwa iwe nzito. Mimi kinachonivutia ni mikono. Kaftani ya sherehe ilikuwa na mikono mirefu inayofika karibu na ardhi, lakini mvaaji haingizi mkono humo. Begani pameachwa upenyo, mkono unatokea pale, na ile mikono ya kaftani inabaki kuning'inia mgongoni kama pambo. Sasa mfikirie fundi anayekata kitambaa kile. Kila inchi ni dhahabu, na anakata mikono ambayo hakuna mkono utakaoingia! Na maua waliyofuma yalikuwa makubwa, tulipu moja inaweza kufunika kifua kizima. Nguo ile ilitengenezwa ili aliye mbali uani ajue nani anapita.

SAUMU: Na walikuwa wanapeana kama zawadi, sivyo?

REHEMA: Zawadi ya heshima, iliitwa hil'at. Waziri akiteuliwa, jemadari akishinda, anavishwa kaftani. Hata balozi wa kigeni, kabla ya kuingizwa mbele ya sultani, anavishwa. Umefika na nguo za kwenu, unaingia na nguo ya mwenyeji wako, na ubora wa kitambaa unakuambia wewe ni nani machoni pake.

SAUMU: Nguo imesema kabla mtu hajafungua mdomo.

REHEMA: Kabisa. Kisha wakubwa wenyewe wakaikataa. Urusi nako kulikuwa na kaftani, mfalme Peter Mkuu akatoa amri kuanzia mwaka 1700 kwamba watu wa mjini na wa baraza lake wavae mavazi ya Ulaya. Uturuki, sultani Mahmud II akafanya hivyo kwa watumishi wa serikali mwaka 1829: tarbushi na koti badala ya kilemba na joho. Kaftani ikavuliwa kwa amri.

SAUMU: Ikafa?

REHEMA: Haikufa, kwa sababu Moroko ilikuwa imeshika mizizi. Na huko ndiko ilikokuwa nguo ya mwanamke hasa, nguo ya harusi na ya Idi. Huko fundi mkuu anaitwa maalem. Tazama hii ya mama, vifungo hivi. Vishike.

SAUMU: Si vya plastiki. Ni... uzi?

REHEMA: Uzi wa hariri uliosukwa kwa mkono ukawa kifungo. Wanaviita aakad. Kimoja kina ukubwa wa punje ya mtama uliovimba, na viko kadhaa wa kadhaa, kila kimoja na kitanzi chake. Huu utepe ni sfifa. Kuna mshono mmoja ambao fundi hawezi kuushona peke yake: yeye anashona, msaidizi amekaa mbele yake ameshika nyuzi, anazipishanisha kila sindano inapopita. Wawili hao wakipishana mwendo hata kidogo, mshono unaharibika. Kaftani ikivaliwa mbili kwa pamoja, ya ndani na ya juu iliyo wazi, inaitwa takchita, na kiunoni unafungwa mshipi mpana, mdamma.

SAUMU: Na mitindo ya Ulaya iliingiaje?

REHEMA: Mara ya kwanza ni Paul Poiret, mbunifu wa mitindo wa Paris, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wanawake wa kule walikuwa bado wamebanwa na korseti, ile nguo ya ndani inayokaza kiuno. Akaleta majoho mapana. Juni 24, 1911, akafanya karamu kubwa akaiita Usiku wa Elfu Moja na Mbili, wageni wote waje wamevaa Kimashariki. Mimi karamu ile siipendi sana, ilikuwa Mashariki ya kubuni. Lakini alilielewa jambo moja, kwamba kitambaa kinaweza kuning'inia kutoka mabegani na mwanamke akapendeza bila kubanwa.

SAUMU: Na miaka ya sitini?

REHEMA: Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwaka 1966 Yves Saint Laurent, mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, alifika Marrakech, Moroko, kwa mara ya kwanza, akanunua nyumba. Mwaka huohuo Thea Porter, mama aliyezaliwa Jerusalem na kukulia Damascus, alifungua duka lake Soho, London, akiuza kaftani za vitambaa alivyovijua tangu utotoni. Kule Marekani, Diana Vreeland alikuwa mhariri wa Vogue, jarida la mitindo, na alikuwa mpenzi mkubwa wa kaftani. Kisha mwaka 1969 ikapigwa picha moja juu ya dari la nyumba Marrakech. Patrick Lichfield ndiye aliyepiga. Talitha Getty, mwigizaji, amevaa kaftani iliyotariziwa, mumewe yuko nyuma amejifunika kofia ya joho. Picha ile bado inaigwa hadi leo.

SAUMU: Naijua. Ni nzuri sana.

REHEMA: Ni nzuri. Lakini kila mtu anajua jina la mwanamke, la mume, la mpiga picha. Aliyetarizi kaftani ile hatajwi popote. Mimi ni fundi, linaniuma. Nguo ile ilichukua wiki na wiki za macho ya mtu. Tukizungumzia mitindo tuseme na mikono.

SAUMU: Umesema jambo, dada. Basi nikushike hapohapo kwenye picha ile. Shingo ya kaftani ina mpasuo unaoshuka kifuani, jua linaingia pale. Watu wanatunza uso hadi kwenye taya, halafu wanaacha. Shingo na kifua ngozi yake ni nyembamba, na jua halijui taya iko wapi.

REHEMA: Tuanze mwanzo. Mtu hana chochote, aanze na nini?

SAUMU: Vitu vitatu: cha kuoshea, cha kulainishia, cha kukinga jua. Vingine vyote vinaweza kusubiri. Tabaka la juu kabisa la ngozi lifikirie kama ukuta wa matofali. Seli zilizokufa ndizo matofali, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayozishikanisha, hayo ndiyo saruji. Ukuta ukiwa mzima, maji hayatoki ovyo, vijidudu haviingii. Sasa uso una asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni kama 5. Sabuni ya kipande ya kawaida iko 9 au 10. Ile hali ya uso kuvutana baada ya kuoga, ambayo watu wanaiita usafi, ni saruji imeondoka.

REHEMA: Na mimi ndivyo nilivyolelewa, uso uteleze kama sahani.

SAUMU: Wengi wetu. Tafuta kioshea uso kisicho kikali, maji ya uvuguvugu, vidole tu bila kusugua. Usiku ni lazima, kwa sababu unaondoa vumbi, vipodozi na losheni ya mchana. Asubuhi, kama ngozi yako ni kavu, maji matupu yanatosha. Kisha usijikaushe mpaka ukauke kabisa. Gusagusa na taulo, uso ukiwa bado na unyevu ndipo upake krimu, ili unyevu ule ubaki.

REHEMA: Mwenye ngozi ya mafuta naye apake?

SAUMU: Apake, achague nyepesi isiyoziba vitundu. Akiacha kupaka huku anaikausha ngozi kwa dawa kali za chunusi, ataishia na chunusi juu ya ngozi iliyowashwa.

REHEMA: Na jua?

SAUMU: Losheni ya SPF 30 au zaidi, yaani kipimo cha kinga ya jua, kila asubuhi. SPF 30 ikipakwa vya kutosha inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi. Neno ni "vya kutosha". Kamua mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati, kutoka shina hadi ncha: hiyo ni ya uso na shingo. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa 2. Na miale ya UVA, aina nyingine ya miale ya jua, inapita kwenye mawingu na kwenye kioo cha dirisha, kwa hiyo dereva na wewe unayeshona dirishani mnahusika.

REHEMA: Wenye ngozi nyeusi tunaambiwa tunayo kinga yetu.

SAUMU: Tunayo kiasi, kwa melanini, ile rangi ya asili ya ngozi. Lakini melanini hiyohiyo ndiyo inayoacha doa jeusi kila chunusi inapopona, na jua linalikoleza. Watu wanapaka dawa ya madoa usiku, mchana wanatembea bila kinga. Ni kujaza maji kwenye pakacha.

REHEMA: Na wengine wanaishia kwenye mkorogo.

SAUMU: Dada, hapo niseme langu. Nilikuwa na madoa mashavuni nikauziwa kopo lisilo na maelezo ya kilichomo. Wiki ya kwanza uso uling'aa, kila mtu akanisifu. Mwezi wa tatu mishipa midogo myekundu ikaonekana, nikipita karibu na jiko uso unawaka. Nilipojaribu kuacha, uso ulivimba. Daktari wa ngozi akaniambia ni steroidi, dawa kali iliyochanganywa kwenye krimu ile, imeilainisha ngozi hadi ikawa nyembamba. Ilinichukua muda mrefu kurudi, na katika muda huo nilipaka krimu isiyo na manukato na kinga ya jua, basi. Krimu nyingine za aina hiyo zina zebaki, ambayo inaharibu figo. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kuleta weusi wa samawati usiotoka kirahisi. Kama kopo halisemi kilichomo, usilipake usoni. Nakuomba wewe unayenisikiliza.

REHEMA: Pole sana, mdogo wangu. Sikujua ilifika huko.

SAUMU: Nimeshapoa. Ukitaka kujaribu kitu kipya, weka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono siku chache. Na anza kimoja kimoja, ili kikikudhuru ujue ni kipi. Retinoli, inayosaidia mikunjo na chunusi, mjamzito asiiguse.

REHEMA: Bibi harusi wa Moroko kabla ya kuvaa kaftani anapelekwa hamamu, bafu la mvuke. Anasuguliwa kwa sabuni nyeusi na glavu ya kessa.

SAUMU: Kwa mwili ni raha. Kwa uso, ile glavu iache, ni kali mno. Kule wana ghassoul, udongo wa milima ya Atlas, ukichanganywa na maji unakuwa laini kama uji na unavuta mafuta. Uoshe kabla haujakauka usoni. Na mafuta ya argani, matone mawili juu ya krimu usiku, yanafaa ngozi kavu. Si muujiza, ila ni mafuta mazuri.

REHEMA: Sasa doa langu.

SAUMU: Losheni nyingi za jua zina kemikali inayoitwa avobenzoni. Ikiingia kwenye kitambaa haionekani. Ukifua kwa maji yenye madini ya chuma, inakutana na chuma kile na kugeuka rangi ya kutu. Ndiyo maana doa lilizaliwa kwenye beseni.

REHEMA: Nilitaka kuweka dawa ya kung'arisha nguo.

SAUMU: Usithubutu, klorini inalikoleza zaidi. Kwenye pamba nyeupe watu hutumia maji ya limau, maana asidi inaondoa kutu.

REHEMA: Limau kwenye zari? Nyuzi zitapoteza ng'aro. Hapana.

SAUMU: Basi mpelekee mtaalamu wa kusafisha hariri, mwambie ni doa la kutu. Na siku nyingine paka, subiri robo saa ikauke, ndipo uvae. Au tumia ya oksidi ya zinki isiyo na avobenzoni, japo uivumilie weupe wake kidogo.

REHEMA: Nitafanya hivyo. Na nitafanya langu la kifundi. Nitakata ukanda wa pamba nyeupe, upana wa vidole vitatu, niushikize kwa ndani kuzunguka shingo yote kwa mishono ya kubandua. Ukichafuka nautoa, naufua peke yake, hariri haiguswi.

SAUMU: Utaufuatisha na ule mpasuo wa mbele pia?

REHEMA: Hadi kifungo cha tatu. Hapo ndipo losheni yako inapoishia.

SAUMU: Inaishia kifungo cha nne, dada. Shuka kidogo.

REHEMA: Cha nne, basi. Nipe hiyo kalamu niweke alama.