Rasmi kwa Nani?

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, shikamooni. Vijana wa Chuga, Arusha yetu hii, nyie nawajua, mmekuja kwa sababu mmeambiwa mwishoni kutapigwa muziki. Utapigwa, ila wimbo mmoja tu, na wenyewe una kasoro. Vumilieni.

Mwenyekiti kasema nimekuja kutoa mada. Kanipamba tu. Ukweli ni kwamba nimeitwa kuamua ugomvi. Wenzetu hawa wapenzi wa zilipendwa hawasalimiani vizuri tangu Pasaka. Chanzo ni mkusanyo wa nyimbo 22 za bendi moja ya zamani, uliojitokeza usiku mmoja kwenye simu, palepale zinapokaa albamu nyingine za bendi hiyo. Hauna santuri, hauna sidii, hauna hata kikaratasi cha kutueleza nani kashika solo na nani kapuliza tarumbeta. Kava ni picha ya wanamuziki wenye suruali za bugaluu, imeandikwa "nyimbo adimu", basi. Bendi yenyewe siitaji, maana naona humu ukumbini ndugu wa marehemu wawili na sitaki warudi nyumbani na kesi.

Kambi ya kwanza inasema mkusanyo ni rasmi: uko kwenye ukurasa wa bendi, una kava, una bei. Kambi ya pili inasema ni wa wezi. Hapo katikati kuna mzee mmoja alimwambia mwenzake kwamba masikio yake yanafaa kusikilizia matangazo ya vifo tu. Mzee huyo yupo, amekaa karibu na dirisha. Shikamoo, mzee.

Nianze na hilo la ukurasa, nilimalize haraka. Msambazaji wa muziki wa kidijitali hatumi mtu kuja Ngarenaro kuuliza. Unajaza fomu, unaweka tiki kwamba haki zote ni zako, unalipa ada, baada ya siku chache wimbo uko dunia nzima. Ukiandika jina la bendi lilivyo, mashine inaupeleka kwenye ukurasa wa bendi ileile. Kwa hiyo kuukuta pale ni sawa na kukuta gari limeegeshwa mbele ya nyumba ya mtu. Huenda ni lake, huenda dereva kapita kununua maji.

Kijana mmoja aliniletea ushahidi mwingine akiwa ameshika simu kama mtu aliyeokota hati ya kiwanja. Kila rekodi ina namba ya utambulisho, inaitwa ISRC, ina herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo ni za nchi, tatu za aliyesajili, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Ya kwetu ilianza na QZ. Akaniuliza, "Mzee, QZ ni nchi gani hiyo? Si utapeli huo?" QZ ni Marekani, mwanangu. Walikuwa na US, wakaongezewa nyingine. Wasambazaji wengi wako huko, kwa hiyo hata mama yako akiimba kwaya leo na kupitia kwao anaweza kupewa QZ. Na zile tarakimu za mwaka ni za mwaka namba ilipotolewa. Aliyeona 21 akatangaza kwamba bendi imefufuka na kurudi studio, apumzike.

Msidhani pia kwamba neno lililoandikwa kwenye kava linasaidia. Tarehe 17 Desemba 2013 nyimbo 59 za Beatles, bendi ya Uingereza, ziliwekwa sokoni kupitia iTunes, rekodi za mwaka 1963, nyingine za redioni, nyingine za studio zilizokuwa zimeachwa kando. Mkusanyo ukapewa jina ambalo kwa Kiswahili chetu ni "rekodi za magendo". Nao ulikuwa rasmi kabisa, umetolewa na wenyewe! Sababu ilikuwa sheria. Ulaya mwaka 2011 waliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini rekodi ambayo haikuwahi kutolewa ndani ya ile 50 haipati nyongeza. Kwa hiyo ya 1963 lazima itoke kabla 2013 haijaisha, la sivyo inakuwa mali ya kila mtu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, rekodi za Mmarekani Bob Dylan zilitolewa nakala kama 100 tu, za kutimiza sheria. Nyie mngesema haiwezekani kitu rasmi kiitwe cha magendo. Iliwezekana.

Lakini wale wana wakili na wana kampuni. Sisi tuna nini? Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Chukueni wimbo wowote wa dansi uliorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 70. Bendi ilikwenda studio ya redio, ikapiga, ikarudi kwake. Mkanda ukabaki maktaba ya redio, ambayo leo iko chini ya TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania. Basi mkanda ni wa redio. Jina la bendi je? Jina ni la mwenye vyombo. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa Juwata Jazz. Kilipogeuka OTTU, ikawa OTTU Jazz. Leo tunaiita Msondo Ngoma. Mwimbaji alikuwa mwajiriwa. Siku akihama anaondoka na koo lake. Gita, spika na jina vinabaki. Na wimbo? Wimbo ni wa aliyeutunga. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, kwa hiyo alichotunga kina mwenyewe mpaka mwisho wa 2029.

Na sisi wa Arusha tusijifanye ni mambo ya Dar. Wilson na George Kinyonga, watoto wa Tanga, waliotoka Jamhuri Jazz, walikuja mjini hapa mwaka 1970, na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Mombasa, wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao kadhaa wakajitoa, ikazaliwa Les Wanyika. Sasa kesho akitokea mtu na mkanda wa Arusha Jazz ameukuta darini huko Kijenge, nani wa kusema huu ni rasmi? Jina limekufa, Wilson na George wamefariki, wapigaji waliobaki walikwenda kila mmoja na Wanyika wake.

Ongezeni Nairobi hapo. Santuri zetu nyingi zilichapwa kule. Bendi yenye mkataba na lebo moja, yaani kampuni ya kutoa santuri, ilikuwa ikirekodi kwa lebo nyingine kwa jina la bandia, ili mwenye mkataba asijue. Mpaka ukafungwa Februari 1977, ukafunguliwa 1983, na katikati hapo santuri ziliendelea kupita Namanga. Msiniulize zilipitaje, kuna watu humu walikuwa vijana wenye nguvu za kutembea usiku. Sasa rekodi iliyopigwa kwa jina la uongo, ikauzwa kwa kuruka mpaka, mtoto wa leo anaitafutia muhuri!

Kwangu mimi, kati ya hao wenye mkanda, wenye jina na wenye wimbo, neno la mwisho liwe la mtunzi au warithi wake. Kama hawajui na hawalipwi, siuiti rasmi, hata ukibandikwa nembo ya taifa. Najua mwanasheria atanipinga. Yupo hapo mbele, ameshaanza kutikisa kichwa.

Kwa faida ya wote, aliyepakia mkusanyo wetu tulimwandikia. Alijibu kwa heshima, lazima niseme. Anayo karatasi iliyosainiwa na mtoto mmoja wa aliyekuwa mwenye vyombo. Kwa hiyo kambi ya kwanza mna haki: kwa upande wa jina, ruhusa ipo. Kwa upande wa nyimbo, watunzi tuliowahesabu ni 7, na hakuna familia hata moja tuliyoifikia iliyokuwa na habari. Nimeambiwa mjane mmoja alipopigiwa simu aliuliza kwanza kama anadaiwa.

Upande wa mkanda ndio ulionitoa jasho, na hapa inabidi niungame.

Wengi mnanijua kama fundi. Wachache mnakumbuka kwamba miaka ya 80 nilikuwa na kibanda cha kurekodia kaseti. Unaleta kaseti tupu na orodha yako, kesho unachukua. Nyimbo nilizipata redioni, mchana na usiku, kidole kwenye kitufe. Ruhusa nilikuwa nayo? Sikuwa nayo. Hata sikujua kwamba kuna kitu cha kuombewa ruhusa. Nililea watoto watatu kwa kazi hiyo.

Jumapili moja ya mwaka 1986 umeme haukuwepo. Redio kaseti yangu ilikula mawe sita ya betri, na mawe yenyewe yalikuwa yamechoka. Nilikuwa nimeyaanika juani juu ya bati tangu asubuhi, mnakumbuka tulivyokuwa tukiyafufua. Ukapigwa wimbo ambao mteja alikuwa ameutafuta miezi. Nikabonyeza. Dakika mbili, tatu, safi. Baadaye naona kile kitaa chekundu kinafifia, mkanda unazunguka kwa kujivuta kama ng'ombe anayepanda mlima wa Monduli. Nikaacha tu, nitafanyaje?

Vijana, sikilizeni fizikia. Mashine ikilegea wakati wa kurekodi, siku ukiupiga mkanda kwenye mashine yenye nguvu, sauti haishuki. Inapanda. Mwimbaji anaanza mtu mzima, mpaka mwisho anakuwa kama kitoto cha kipaimara. Mteja alikuja na umeme ukiwa umerudi, akasikiliza, akanitukana, akaichukua hivyohivyo kwa nusu bei. Nikatoa nakala nyingine kwa wengine, maana wimbo ulikuwa haupatikani. Moja ilinunuliwa na dereva wa lori la Nairobi.

Wimbo wa 14 kwenye mkusanyo wetu unaitwa "toleo la pili, adimu". Kambi zote mbili mnaupenda. Kuna aliyenieleza kwa dakika 20 kwamba bendi ilirudi studio ikaupandisha ufunguo taratibu kuelekea mwisho, jambo ambalo, alisema, hakuna bendi ya Kiafrika iliyokuwa imelithubutu. Nilimwacha amalize. Nikaenda nyumbani, nikatoa sanduku chini ya kitanda, nikaweka nakala yangu ya kaseti ile na simu pembeni, nikabonyeza vyote pamoja. Dakika 3 na sekunde 12, sauti inaanza kupanda. Kwenye simu, dakika 3 na sekunde 12. Kuna mahali jirani yangu aligonga mlango kuomba kiberiti, nikaikwaruza antena nikigeuka. Mkwaruzo upo. Mlikuwa mnasikia mlango wangu.

Kijana wa studio pale Sakina alinionyesha na picha ya sauti kwenye kompyuta. Mvumo wa kaseti ulitakiwa upande na kufifia polepole, lakini umekatwa kama kwa panga kwenye kilohezi 16, huko juu kwenye sauti nyembamba kabisa. Maana yake kabla ya kufika kwenye mkusanyo ulishapita kwenye faili la MP3 la ubora mdogo, zile tulizokuwa tukibebeana kwenye flashi. Kwa hiyo njia yake mnaiona: mkanda halisi ulikuwa Dar, ukarushwa hewani, ukaingia kwenye mawe yangu, ukapanda lori, ukaingia flashi, ukaenda nje, umerudi na bei.

Ndiyo, mama, uliza. ... Anauliza kama nitadai haki yangu kwenye wimbo wa 14.

Nidai nini, mama? Mawe sita?

Haya, kijana, kaseti hiyo hapo. Taratibu, mfuniko wake umelegea. Ipige tangu mwanzo, na wale mnaojua ndugu wa aliyetunga wimbo huu mje mniandikie namba zao kwenye daftari hili wakati unaendelea.