Seli haipumziki bwana

Jamani tuanzie hapa, maana hili nimelisema mpaka koo limekauka na bado nakuta watu wanakariri eti kabla ya kugawanyika seli inakuwa kwenye "hatua ya mapumziko". Mapumziko gani? Seli ya binadamu inayokuzwa maabara inamaliza mzunguko wake kwa kama saa 24, na hiyo mitosisi, yaani kugawanyika kwenyewe, mnayoikariri kwa hatua zake, profezi, metafezi, sijui anafezi, inachukua kama saa moja tu. Muda uliobaki ndo kazi yenyewe, humo DNA yote inanakiliwa, karibu mita 2 za uzi, herufi zaidi ya bilioni 6, na kila kipande kinanakiliwa mara moja tu.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema si inagawa nusu kwa nusu? Haya gawa. Seli ina kromosomu 46, yaani vifurushi vya hiyo DNA, seli watoto zinapata 23, seli wajukuu 11 na nusu. Hiyo nusu utaiweka wapi? Ndo maana inanakili kwanza. Ile X mnayopenda kuichora ni kromosomu iliyokwisha nakiliwa, mapacha wawili wamebanana kiunoni wanasubiri kuachanishwa.

Na kusubiri kwenyewe mkuone kwenye hadubini. Kromosomu 45 zimeshajipanga katikati, moja bado inayumba huko pembeni, nyuzi za kuivuta hazijaishika vizuri, na seli nzima imetulia inaingoja hiyo moja. Ikishashikwa pande zote mbili, baada ya dakika chache mapacha wote wanaachana kwa mpigo. Mimi nimeangalia hiyo mara nyingi sana na bado sichoki.

Halafu hiyo 46 msidhani ilikuwa rahisi. Kuanzia miaka ya 1920 dunia nzima ilifundisha 48. Kuna watafiti Sweden walikuwa wanahesabu seli za ini, wanapata 46, wanarudia wanapata 46, wakaisimamisha kazi kwa sababu eti mbili hawazioni! Mpaka 1956 watafiti wengine, Tjio na Levan, hapohapo Sweden, wakatumia dawa ya kolkisini kuisimamisha seli katikati ya kugawanyika, wakaivimbisha kwa maji yenye chumvi kidogo ili kromosomu zitawanyike, wakahesabu seli moja baada ya nyingine, 46. Kitabu kilikuwa kimewashinda watu macho.

Naona naonyeshwa saa. Basi meiosisi kwa haraka, ule mgawanyiko wa kutengeneza mayai na mbegu za kiume, seli inanakili mara moja inagawanyika mara mbili, unabaki na 23, na mipangilio inayowezekana ni zaidi ya milioni 8 hata kabla kromosomu hazijabadilishana vipande, kwa hiyo usishangae hamfanani na dada yako. Kromosomu zikishindwa kuachana hapo, mtoto anaweza kuzaliwa na kromosomu namba 21 tatu, ndo hali ya Down, mtafiti Lejeune na wenzake waliionyesha 1959. Slaidi za saratani naziruka, nani ana swali?