Fumbo na Mlango Wake wa Kutokea

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana,

Kila ninapoalikwa kuzungumza kuhusu adabu ya maneno huulizwa swali lile lile, tena kwa sauti ya mtu anayetarajia kunikamata: kwa nini watu wa pwani hawasemi wanachotaka kusema? Jibu langu halijabadilika na leo sitalibadilisha. Wanakisema. Wanakisema mbele ya mhusika mwenyewe, mashahidi wakiwapo, naye hukisikia vizuri kuliko wote. Wanachomwachia ni mlango wa kutokea, ili akitaka ugomvi iwe ameuchagua yeye, na akitaka kunyamaza asionekane ameshindwa.

Wanaonifahamu watanivumilia nikikirudia kisa cha kanga, kwa sababu sijapata kingine cha kukishinda. Katika mtaa mmoja wa Tanga waliishi majirani wawili, watu wazima wote, ambao nyua zao zilipakana. Mmoja alikuwa amechoshwa na maneno yaliyotoka kwa mwenzake kuhusu ndoa ya binti yake. Hakwenda kumgongea. Alifua kanga yake iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", akaianika, na hapa naomba mzingatie, kwenye kamba ya upande wa jirani ilhali kamba ya upande wa pili ilikuwa tupu, akainyoosha pindo kwa pindo hadi maandishi yakakaa sawasawa bila kunjo. Jirani akatoka na ndoo yake, akasimama, akatazama kwa muda unaomtosha mtu kuyasoma maneno yale na kuyarudia. Kisha akasema, "Kanga yako nzuri, shoga. Umeinunua wapi?" Mwenye kanga akajibu, "Ah, nimeletewa na mwanangu kutoka Unguja. Mie hata kuisoma sijaisoma." Na yule jirani, ambaye kwangu ndiye shujaa wa kisa hiki, akainua ndoo yake akasema, "Hata mie, shoga, macho haya siku hizi yanaona rangi tu."

Tazameni kazi iliyofanyika hapo. Mmoja amesema kwamba anajua nani anamsema. Mwingine amekiri kwamba ujumbe umefika na kwamba hana nia ya kuujibu siku hiyo. Na katika yote hayo hakuna tamko hata moja ambalo mjumbe wa nyumba kumi angeweza kuitwa kulisuluhisha. Kuazimana chumvi kuliendelea. Kichekesho nacho kimo humo humo, kwani ni wanawake wawili wanaosoma vizuri sana, wakishindana nani hakusoma zaidi ya mwenzake, na anayesikia hucheka kwa sababu sehemu ya mwisho ameimalizia mwenyewe kichwani. Laiti angejitokeza mtu wa tatu akasema, "Lakini mama, kanga hii umeandikiwa wewe," kicheko kingekufa na ugomvi ungezaliwa papo hapo. Mtu huyo wa tatu yupo katika kila ukoo, hujiona mkweli, na mimi, niseme wazi, simwaliki kwangu.

Kanga inaiweza kazi hii kuliko ulimi kwa sababu mvaaji hakuyatunga maneno yake. Tangu maneno yalipoanza kuchapwa kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi, mwanamke amekuwa na utetezi ulio tayari dukani: maneno yametoka kiwandani, na yeye alipenda rangi. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake hujulikana kwa "Mali ya Abdulla" na ambaye mara nyingi hutajwa kuwa mwanzilishi wa jambo hili, aliuza kitambaa. Pamoja nacho aliuza udhuru.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba huu ni unafiki. Mnafiki hukusema usipokuwapo, bwana. Kuna na anayesema ni woga. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mafumbo yake katika zama ambazo Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, walikuwa wakiugombea mji, na sidhani kama yupo hapa anayeweza kumwita mwoga.

Ninachokiri ni kwamba mlango huo unaweza kuzibwa, na tumeshaona ukizibwa. Chukueni taarabu ya mipasho, hasa enzi za ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1990. Mwimbaji hamtaji mtu. Anayelenga ni mtuzaji: husubiri ubeti unaomfaa, hunyanyuka na noti yake mkononi, hucheza taratibu kuelekea jukwaani, na hupitia makusudi mbele ya meza ya yule anayemkusudia. Hadi hapo bado ni ufundi, kwa sababu aliyekusudiwa anaweza kunyanyuka naye akautuza ubeti ule ule, ukumbi mzima ukabaki haujui nani kampiga nani. Lakini mtuzaji akisimama mbele ya meza hiyo akanyoosha kidole, fumbo limekwisha na limebaki tusi lenye muziki, na nashangaa wanaolisifu hilo kwa jina la uwazi.

Vijana mnaniambia kwamba kanga ya leo ni statasi ya WhatsApp. Nakubali nusu. Anayeandika "wengine wanacheka nasi huku wanatuchimba" ametupa jiwe gizani, asubiri nani atalia yalaa, na hilo ni la kale sana. Ila simu kwa kawaida humwonyesha mwandishi orodha ya waliosoma. Yule jirani wa Tanga asingeweza kusema kwamba macho yake yanaona rangi tu. Jina lake lingekuwa pale, pamoja na saa aliyosoma. Na mkishaongeza vile vikatuni vinavyolia machozi ya kicheko, mnakuwa mmemwambia msomaji wapi acheke, kana kwamba hana akili ya kupajua mwenyewe.

Utani wa makabila ni jambo jingine, wala msiuchanganye na haya. Mtani anapomtania Mhehe kwamba anakula mbwa, tena msibani, hafumbi chochote. Ana ruhusa ya kimila ya kusema wazi, na mwenye ruhusa hahitaji fumbo. Hili lilistahili mhadhara wake. Nilikusudia pia kufika kwa mgeni asiyejua kuaga na mbinu za mwenyeji wake, lakini Mwenyekiti ameniuliza sasa hivi, kwa upole mkubwa, kama ningependa nikaletewe maji, ilhali bilauri iliyo mbele yangu imejaa. Ahsante, Mwenyekiti. Nashukuruni nyote.