Mgeni Njoo: Mhadhara kwa Wahitimu wa Fani Nyingine Wanaotaka Kusoma TEHAMA

Ndugu wahitimu, habari za asubuhi. Waliosoma uhasibu nyoosheni mikono. Mko wengi. Uuguzi? Ualimu? Kilimo? Sheria ni mmoja tu, karibu sana wakili. Kuna aliyesoma kompyuta? Hakuna. Vizuri, basi mhadhara huu umewapata wenyewe.

Mimi shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu, Jiografia na Kiswahili. Nilifundisha sekondari miaka sita ndipo nikaingia darasa la kompyuta, na mtihani wangu wa kwanza wa kuandika programu nilipata sapu, yaani nilitakiwa kuurudia. Nalisema hili mapema, asije mtu kudai kesho kwamba mhadhiri aliwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wengi mmeingia humu na haya kidogo, kama mtu aliyefika harusini bila kadi. Sasa sikilizeni. Mwaka 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Maurice Wilkes na wenzake waliwasha kompyuta yao iliyoitwa EDSAC. Mwaka 1953 chuo hicho kikaanzisha stashahada ya mwaka mmoja ya hesabu za kompyuta, kwa watu waliokwisha kuhitimu. Kuhitimu nini? Chochote walichokuwa nacho, maana shahada ya kompyuta haikuwepo. Wilkes mwenyewe alisoma hisabati, kisha akatafiti mawimbi ya redio. Kozi inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani kufundisha fani hii ilikuwa kozi ya wageni watupu. Wenyeji walizaliwa baadaye.

Na haikuwa kwa maprofesa tu. Palikuwa na kampuni ya Lyons, wauza chai na keki wa London. Walijijengea kompyuta yao, LEO, kwa kufuata mfano wa ile ya Cambridge, ili wapige hesabu za mikate na mishahara. Mwaka 1952 wakamchukua Mary Coombs kuandika programu. Alikuwa amesoma Kifaransa. Frank Land, aliyeingia mwaka huohuo, alikuwa mtu wa uchumi. Baadaye akawa profesa wa mifumo ya habari.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni wetu anakuja na dawa gani?

Mhasibu, wewe unajua jambo ambalo kijana aliyesoma kompyuta peke yake hulijua baada ya kuumiza watu. Kwenye vitabu vya hesabu hakuna kufuta. Ukikosea, unaandika ingizo la kinyume, na kosa pamoja na sahihisho lake vyote vinabaki vinaonekana. Nimewahi kuona mfumo wa malipo wa ofisi moja, siitaji, wenye kitufe cha "Futa" kwenye kila risiti. Aliyeuandika ni fundi hodari kweli. Mkaguzi alipokuja, namba za risiti zilikuwa zinaruka kama panzi, na hakuna aliyeweza kusema nani amefuta nini. Fundi hakuwa mwizi. Ila tu hakuwa mhasibu.

Muuguzi naye anajua kwamba bibi aliyeletwa zahanati na mjukuu wake huenda hana tarehe ya kuzaliwa. Fomu ikikataa kuendelea bila tarehe, karani ataandika Januari 1, na baada ya mwaka utadhani wazee wote wa kata walizaliwa siku ya mwaka mpya. Anayejua hilo ataweka nafasi ya kuandika umri wa kukadiria.

Sisi wa Kiswahili tusijidharau pia. Chukua neno "nimeshakuambia". Mashine iliyozoea Kiingereza inaona neno moja. Wewe unaona msemaji, hali ya tendo, anayeambiwa na mzizi wa kitenzi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kuifundisha kompyuta kuyapasua maneno kama hayo. Tasnifu yake ya uzamivu ilihusu wafugaji wa Kiparakuyo wa hapahapa Tanzania. Mtu wa ng'ombe na mila.

Naona mnatabasamu. Msitabasamu sana, maana wahenga haohao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe letu ni kuandika programu. Kuna watu huja kwangu wakitaka kozi ya TEHAMA "isiyo na programu nyingi". Huwaambia wazi kwamba wataishia kukabidhiwa mifumo wasiyoweza hata kuihoji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukariri. Nilikariri programu kama nilivyokariri mito ya Afrika na mahali inapomwaga maji. Swali la mtihani likageuzwa kidogo tu, nikabaki natazama dari. Desa, zile karatasi za kukariria, halikunisaidia. Kilichonitoa ni kitu kidogo: nilianza kuandika, kila jioni, programu ya kupanga matokeo ya wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili. Wastani, madaraja, aliyekosa mtihani. Huyo aliyekosa mtihani alinisumbua wiki nzima, kwa sababu kukosa si sawa na sifuri. Hapo ndipo nilipoelewa masharti katika programu, yaani "ikiwa hivi, fanya hivi".

Kuhusu kuchagua kozi, jihadharini na majina. Shahada mbili za uzamili zinaweza kufanana jina, moja ikiwa ya waliosoma kompyuta tangu mwanzo na nyingine ya wanaotoka nje. Uingereza kuna kozi za kubadili fani, kwa kawaida za mwaka mmoja. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kina shahada ya uzamili iliyotengenezwa kwa ambao hawakusoma kompyuta, na tangu 2019 inasomwa pia kwa mtandao. Hapa kwetu daraja la kuvukia mara nyingi ni stashahada ya uzamili. Mbaya kuliko zote ni kozi inayopokea kila mtu kisha ikafundisha kana kwamba wote wanajua. Msiangalie kipeperushi, ombeni mtaala wa muhula wa kwanza. Kama hamna somo la programu kuanzia sifuri, pigeni hesabu upya. Na ithibati mkaiulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, siyo wakala mwenye kimeza cha matangazo kwenye maonesho.

Kabla ya ada, jipimeni bure. Harvard wana somo la utangulizi, CS50, liko mtandaoni bila malipo. Ukifika wiki ya nne bila kuirusha laptopu dirishani, kalipe.

Kuna kaka mmoja, afisa kilimo, alinisimamisha pale mlangoni akitaka kujua kama mtu wa umri wake bado ana nafasi. Sikumjibu. Nilimuuliza mbolea ya ruzuku kijijini kwao inakwamia wapi, kati ya kuandikishwa kwa mkulima na kukabidhiwa mfuko. Akazungumza dakika kumi bila kuvuta pumzi. Kaka, uko wapi? Njoo mbele, shika kipaza sauti, uwasimulie hawa kama ulivyonisimulia mimi. Wewe sema, mimi nitachora majedwali ubaoni.